Kumbukumbu na Diski ya Kompyuta

Unaandika barua katika kompyuta, mara umeme unakatika. Ukiwasha tena, barua haipo. Imekwenda wapi?

Tutazame nyuma kidogo. Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kompyuta ya mabwana Williams na Kilburn ilifanya kazi yake ya kwanza. Kumbukumbu yake ilikuwa chupa ya kioo kama ile ya televisheni za zamani. Alama zilikuwa vidoa vya umeme juu ya kioo, navyo vilififia katika muda usiofika sekunde moja. Kwa hiyo mashine ilivisoma na kuviandika upya bila kupumzika. Umeme ukizimwa, basi, vyote vimepotea! Lakini kumbukumbu hiyo ilikuwa ya upesi, ndiyo maana walivumilia taabu yake.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilileta diski: sahani 50 zilizopakwa rangi yenye sumaku, kila moja upana wa sentimita 61. Ziliweka herufi milioni 5. Kuzisoma kulichukua muda zaidi, maana mkono wa mashine ulipaswa kwanza kuifikia sahani. Lakini sumaku haihitaji umeme ili idumu.

Kumbukumbu ya kompyuta za leo nayo huandikwa upya mara nyingi kila sekunde. Barua yako imo humo mpaka uagize ihifadhiwe diskini. (Programu nyingine huhifadhi zenyewe, uliza kwanza kama yako ni mojawapo.) Na muuzaji akikutajia giga 8 na giga 500, ile 8 ndiyo kumbukumbu.