Mshenga wa Mtandao: Simu, Barua Pepe na Intaneti katika Wilaya ya Gasabo

Gasabo ni mojawapo ya wilaya tatu za Jiji la Kigali, lakini anayelifikiria jiji kuwa ni lami na ghorofa tu hataielewa wilaya hii. Kusini kuna Kacyiru, zilipo wizara, na Kimihurura, lilipo jumba kubwa la mikutano. Masoro kuna eneo maalumu la viwanda na, jirani yake, kampasi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon inayofundisha uhandisi wa kompyuta kwa vijana kutoka pande zote za Afrika. Ukielekea kaskazini, hadi Ziwa Muhazi, unafika Rutunga na Gikomero, tarafa ambazo watu wake wanaishi kwa jembe: maharage, mihogo, migomba na ng'ombe wachache. Kilima chenyewe cha Gasabo, ambacho mapokeo yanakitaja kuwa chimbuko la ufalme wa Rwanda, kiko huko kwa wakulima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 879,505 katika wilaya hii yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 430. Basi Gasabo ni nusu mji, nusu shamba, na kwa sababu hiyo inafaa kuulizia swali ambalo kwa kawaida huulizwa ama kwa mji peke yake ama kwa kijiji peke yake: ni nani hasa anayetumia intaneti? Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba swali hilo hatutalijibu vizuri maadamu tunahesabu mikono inayoshika simu. Katika sehemu kubwa ya wilaya kama hii watu huufikia mtandao kwa kupitia mtu mwingine. Mtu huyo si kasoro ya muda inayongoja kupita. Ni sehemu ya mfumo wenyewe, na anastahili kutambuliwa, kulipwa na kuwajibishwa.

Tuanze na pengo ambalo limewasumbua wengi. Mwaka 2013 serikali ya Rwanda ilifunga mkataba na kampuni ya KT ya Korea Kusini ili ujengwe mtandao mmoja wa 4G, ambao kampuni nyingine za simu zingeununua kwa jumla na kuuuza kwa rejareja. Huduma ilizinduliwa Novemba 2014, na kufikia mwaka 2018 mawimbi yake yalikuwa yamewafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2017, utafiti wa After Access wa taasisi ya Research ICT Africa ulikuta kwamba Wanyarwanda waliotumia intaneti, kati ya wale wenye umri wa miaka 15 na zaidi, walikuwa asilimia 8 tu. Maelezo ya kwanza ya pengo hilo ni bei, nayo ni ya kweli. Simu janja za Mara, zilizoanza kuunganishwa Masoro mwaka 2019, ziliuzwa kwa zaidi ya faranga 100,000, fedha ambazo mkulima wa Gikomero ana mahali pengi pa kuziweka kabla ya kufikiria kioo cha kugusa. Maelezo ya pili husemwa mara chache. Utafiti wa namna hiyo humwuliza mtu: je, wewe umetumia intaneti? Mama aliyelipiwa bima ya afya ya mituweli kwenye Irembo, mfumo wa huduma za serikali kwa mtandao, na kijana wa kibanda cha kompyuta, aliyeombewa cheti cha kuzaliwa cha mtoto hapo hapo, na ambaye hati yake ya ardhi imekuwa ya kielektroniki tangu zilipoanza kutolewa hivyo mwaka 2023, atajibu hapana. Na atakuwa amesema kweli. Lakini maisha yake yamo ndani ya mtandao kuliko ya kijana wa mjini anayetazama video mchana kutwa.

Kutumia chombo kwa mkono wa mwingine si jambo jipya katika eneo letu. Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na tarishi wa kugonga mlango wa kila nyumba. Barua zilifika kwenye sanduku la posta la misheni, la shule au la mwajiri, na sanduku moja lilihudumia ukoo mzima na majirani. Asiyejua kuandika alimwendea anayejua. Simu ya mkononi ilipoingia Rwanda mwaka 1998, desturi hiyo iliifuata. Jonathan Donner, aliyewachunguza wafanyabiashara wadogo wa Kigali mwanzoni mwa miaka ya 2000, alionyesha kwamba kubipu, yaani kupiga na kukata kabla hujapokelewa, kulikuwa na kanuni zake: nani ambipu nani, nani anawajibika kupiga, na lini ni aibu kubipu. Joshua Blumenstock na Nathan Eagle waliandika mwaka 2010 kwamba wenye simu nchini Rwanda walikuwa na mali zaidi, elimu zaidi, na walikuwa wanaume zaidi kuliko wananchi kwa jumla, na kwamba wanawake ndio waliokuwa wepesi zaidi kutumia simu ya kushirikiana. Baadaye Blumenstock, Eagle na Marcel Fafchamps walichunguza kumbukumbu za simu za siku za tetemeko la ardhi la Februari 2008 karibu na Ziwa Kivu, wakaona salio la simu likitumwa kwa walioathirika na watu walioko mbali. Wakati huo huduma rasmi ya kutuma pesa kwa simu ilikuwa haijaanza Rwanda. Ilianza mwaka 2010. Salio lenyewe lilikuwa limegeuzwa rambirambi. Nikizisoma tafiti hizi pamoja, naona kwamba kwa wengi simu ilikuwa tangu awali kitu cha kuitana, kusaidiana na kuazimana kabla haijawa mali ya mtu mmoja.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka kwenye afya. Mwaka 2009 Rwanda ilianza kuujaribu mfumo wa RapidSMS katika wilaya ya Musanze, kisha ukaenezwa nchi nzima. Wizara ya Afya haikusubiri kila mjamzito awe na simu. Iliwapa simu wahudumu wa afya ya jamii, abajyanama b'ubuzima, ili wawaandikishe wajawazito wa kijiji, wawakumbushe siku za kliniki na kutuma ujumbe wa dharura ambao ungeamsha gari la wagonjwa. Mpango wa kila kijiji ulikuwa wahudumu watatu, mmoja wao akiwa wa akina mama na watoto wachanga peke yake, na kwa jumla walikuwa takribani 45,000. Vifo vya wajawazito vimepungua sana tangu mwaka 2005, ingawa haitakuwa haki kuupa ujumbe wa simu sifa yote, kwa kuwa bima, vituo vya afya na wakunga waliongezeka wakati huo huo. Mimi naangalia jinsi mfumo ulivyopangwa. Mtu wa katikati hapa alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, anajulikana kwa jina na kwa nyumba, halipwi na mgonjwa, na akizembea kuna wa kumwuliza. Kiswahili kina neno linalomfaa mtu wa namna hii: mshenga. Kinyarwanda humwita umuranga. Mshenga hubeba maneno ya upande mmoja hadi mwingine. Anaaminika pande zote mbili, na posa ikiharibika kwa uzembe wake heshima yake huharibika pia.

Ukitoka kwa mhudumu wa afya ukaenda kwenye kibanda, mambo hubadilika. Irembo, jina lenye maana ya mlango wa boma, ilianza kutoa huduma za serikali kwa mtandao mwaka 2015. Palepale wakazuka mawakala: vijana wenye kompyuta moja, printa na kibao cha pesa za simu, wanaojaza fomu kwa niaba ya wasioweza au wasio na muda. Kazi yao ni ya halali na ya lazima. Lakini wakala ni mfanyabiashara, na anakula kwa idadi ya fomu. Hakuchaguliwa na kijiji, na akihama hakuna anayejua alikwenda na nakala za vitambulisho vya nani. Anayekosea herufi moja ya jina katika cheti humwachia mwananchi safari za kwenda tarafani kusahihisha. Simsemi kwa ubaya. Nasema kwamba mazingira yake yanamsukuma kuelekea udalali, ilhali mazingira ya mhudumu wa afya yanamweka kwenye ushenga.

Barua pepe ndiyo inayoionyesha tofauti hii waziwazi. Katika mambo ya kila siku namba ya simu imeishinda kabisa: ndiyo anwani ya mtu, ndiyo pochi yake, ndiyo anayojiandikishia mbolea ya ruzuku katika mfumo wa Smart Nkunganire. Hata hivyo barua pepe imebaki kwenye milango mikubwa, kama vile maombi ya kazi, udahili wa vyuo, na zabuni za serikali ambazo tangu mwaka 2016 zimekuwa zikihamia kwenye mfumo wa Umucyo. Kwa hiyo yule ambaye hajawahi kuhitaji barua pepe huihitaji ghafla, siku moja, kwa jambo zito. Akifunguliwa akaunti na mwenye kibanda, nenosiri hubaki katika daftari la kibanda. Jibu la maombi likija baada ya miezi miwili, linakuja kwenye anwani ambayo mwenyewe hawezi kuifungua. Sanduku la posta la misheni lilikuwa na padri au karani aliyekaa miaka mingi. Sanduku hili jipya halina mlinzi. Vyama vya ushirika vya wakulima vinavyotaka kuuza mazao yao kwa shule na hospitali za umma vinaumia zaidi, maana tarehe ya zabuni haimngojei mtu aliyepoteza nenosiri.

Pingamizi la kwanza litasema: punguzeni bei, na mshenga atatoweka. Lina ushahidi wenye nguvu. Rwanda ilipofunga shughuli kwa ajili ya UVIKO-19 Machi 2020 na ada za kutumiana pesa kwa simu zikaondolewa, thamani ya miamala ya wiki kati ya mtu na mtu iliongezeka zaidi ya mara tano kufikia mwisho wa Aprili. Watu walijua kutumia. Ada, na pengine kutokutana ana kwa ana, ndivyo vilivyoamua. Lakini tutazame ni nini kilichoongezeka. Pesa za simu hutumwa kwa kubonyeza *182# kwenye simu yoyote, hata ya kitochi, bila bando, kwa Kinyarwanda, kwa hatua chache zinazofanana kila siku. Hiyo si intaneti, wala si fomu ya kuhamisha ardhi inayojazwa mara moja katika maisha. Jambo la kila siku hujifunzika kwa kurudiwa, na bei ikishuka litaenea. Jambo la nadra halijifunziki hivyo. Hata msomi humwendea wakili. Mwaka 2023 mpango wa Connect Rwanda ulileta simu za 4G kwa faranga 20,000 na bando la faranga 1,000 kwa mwezi, hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Itapunguza idadi ya wanaomhitaji mshenga. Haitaondoa haja yake.

Pingamizi la pili ni la heshima ya mtu: kumtegemea mwingine ni utegemezi, na kampeni ya Byikorere, yaani jifanyie mwenyewe, inataka kumkomboa mwananchi. Nakubali lengo. Ila neno "mwenyewe" linaficha jambo katika nyumba yenye simu moja. Mara nyingi simu hiyo ni ya mume. Mke anayeambiwa ajihudumie atahudumiwa na mumewe, na mambo kama uzazi wa mpango, akiba yake au haki yake katika hati ya ardhi yatapita mbele ya macho ambayo pengine hayapaswi kuyaona. Kwake mshenga wa nje, aliyefungwa na kiapo cha siri, ni uhuru zaidi kuliko simu ya nyumbani. Mtoto wa sekondari anayewasomea wazazi ujumbe wa benki naye ni mshenga, tena mpendwa, lakini hakuna sheria inayomlinda yeye wala wazazi wake pale anapodanganywa na tapeli anayejifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Hapa ndipo sheria inapohitajika. Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi na faragha tangu Oktoba 2021, nayo inamtaka anayechakata taarifa za watu awe na ridhaa yao au msingi mwingine wa kisheria, na azilinde. Wakala wa kibanda anachakata taarifa hizo kuliko ofisi nyingi, lakini katika vichwa vya watu yeye ni muuza vocha. Napendekeza asajiliwe chini ya jina la tarafa yake, ada zake zibandikwe ukutani, akatazwe kubaki na nenosiri au nakala ya kitambulisho, na kwa kazi ya wale wasiojiweza kabisa alipwe na umma kwa huduma iliyokamilika bila kosa, kama vile vyama vya ushirika vya wahudumu wa afya vinavyolipwa kwa matokeo. Kuanzia mwaka 2009, SACCO, yaani vyama vya akiba na mikopo, zilianzishwa katika kila tarafa ya Rwanda. Anwani ya barua pepe ya mkulima inaweza kufunguliwa na kurejeshwa hapo, mbele ya karani anayemfahamu, badala ya kutegemea kumbukumbu ya kijana aliyekwisha hamia Kimironko mjini. Na wanaotayarisha madodoso ya sensa ijayo, baada ya kuuliza kama nyumba ina simu na kama ina intaneti, waongeze swali moja: mara ya mwisho ulipopata huduma kwa mtandao, ni nani aliyekubonyezea, na ulimlipa kiasi gani?