Kuta za Chake Chake: Ukarabati wa Ngome Kongwe ya Pemba

Katika mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, jirani na hospitali, lipo jengo la mawe ambalo mgeni aweza kulipita bila kulitambua. Hilo ni salio la ngome kongwe, ambayo sehemu yake kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichosalia kilikarabatiwa, kikafanywa Makumbusho ya Pemba. Yafaa kushukuru kwamba walau hicho kilinusurika.

Umbo linaloonekana leo huhesabiwa kuwa la karne ya 18, enzi ambayo Wamazrui wa Mombasa walikuwa na nguvu kisiwani, hadi waliposhindwa na majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1820. Hata hivyo, wengi huuhusisha msingi wake na Wareno, waliofika pwani hii karne mbili kabla ya hapo. Hivyo aliyekarabati nyumba moja alizishika kazi za tawala kadhaa.

Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa juu ya magogo, na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Fundi akwanguapo ukuta hukuta chokaa juu ya chokaa, mlango uliozibwa, au kidaka kilichofukiwa na waliotaka ukuta ulionyooka. Hapo ndipo haraka huleta hasara. Saruji, ambayo wengi huidhani kuwa imara kuliko chokaa, huzuia ukuta usipumue. Unyevu na chumvi hubaki ndani, na jiwe huoza nyuma ya lipu inayopendeza macho.

Kusini-mashariki ya mji, huko Pujini, ndani ya boma linalohusishwa na Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kwa ukatili wake, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililochorwa kwa chokaa ukutani. Siwa ilikuwa alama ya enzi. Masimulizi yalimkumbuka mkatili; ukuta ulihifadhi fahari yake.

Ukarabati nao una hatari zake. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mjini Unguja mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Utajiri uliojenga nyumba nyingi za Pemba ulitokana na karafuu, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiharibu mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa. Walioichuma walikuwa watumwa. Sultani Hamoud bin Mohammed alipoondoa hadhi ya utumwa kisheria, tarehe 6 Aprili 1897, wamisionari wa Marafiki, ndio Quaker, wakiongozwa na Theodore Burtt, walinunua shamba la karafuu huko Banani ili waliowekwa huru wapate kazi ya ujira. Makazi ya watu hao yalikuwa ya fito, udongo na makuti. Hayakuacha ukuta wa kukwanguliwa.