Mjusi wa Gavana Gerry

Mtaani kwetu barabara ndiyo mpaka. Kibanda cha chapo kiko wadi moja, ploti yetu iko nyingine. Nilijua hivyo siku niliyopeleka fomu ya basari nikaambiwa, "Wewe si wa huku, kijana." Kuvuka ng'ambo, nikapata wa upande wetu wameshafunga kupokea. Muhula uliofuata sikurudi kampasi. Sisemi ile basari ingeniokoa peke yake. Lakini tangu siku hiyo, nikiona ramani ya uchaguzi, swali langu la kwanza ni: nani alishika kalamu?

Swali hilo limenifikisha hadi jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 1812.

Gavana aliitwa Elbridge Gerry, na hakuwa mtu wa hivi hivi. Alitia sahihi Azimio la Uhuru la 1776, kisha 1787 akakataa kutia sahihi Katiba ya Marekani. Enzi hizo maseneta wa jimbo walichaguliwa kila mwaka, na vyama viwili vilikuwa vimekabana koo: Federalist na Democratic-Republican. Chama cha Gerry, Democratic-Republican, ndicho kilichoshika bunge, na kilijua kura za Aprili zinaweza kukipokonya. Basi kikachora upya maeneo ya Seneti. Februari, Gerry akatia sahihi. Inasemekana hakuipenda ile sheria. Angeweza kuikataa. Hakuikataa.

Kaunti ya Essex ndiyo iliyochekesha watu. Eneo moja lilianzia Chelsea na Marblehead kule kusini, likapanda hadi Andover, halafu likakunja shingo hadi Salisbury, karibu na bahari. Machi 26, gazeti la Boston Gazette lilichapisha ramani hiyo ikiwa imechorewa mabawa na makucha. Ikafanana na salamanda, mnyama wa umbo la mjusi. Jina la gavana likaunganishwa na mkia wa salamanda, likazaliwa neno "Gerry-mander". Leo wengi hulitamka kwa j ya jirani, ilhali jina lake mwenyewe lilitamkwa kwa g ya gari.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Wapinzani unawarundika katika maeneo machache, washinde huko kwa kishindo, na kura zao za ziada zisiwanunulie kitu. Waliobaki unawatawanya, kila mahali wakose kidogo tu.

Na ulifanya kazi. Kura za Seneti zilipohesabiwa, Federalist walikuwa na 51,766, na Democratic-Republican 50,164. Viti? Federalist 11, Democratic-Republican 29. Waliopigiwa kura chache walibeba karibu robo tatu ya Seneti.

Sasa cheki hii: uchaguzi huo huo, Gerry mwenyewe alipoteza ugavana kwa Caleb Strong. Kiti cha gavana hakina mipaka ya kuchora. Jimbo zima ni eneo moja. Kalamu iliwaokoa maseneta, haikumwokoa aliyetia sahihi. Mwaka uliofuata akawa makamu wa Rais Madison, na 1814 akafariki. Mjusi bado yuko hai.

Huku kwetu, Kifungu 89 cha Katiba ya 2010 kinasema mipaka ya maeneo bunge ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Mara ya mwisho ilikuwa 2012. Machi 2024 ikafika na kupita, tume ya uchaguzi ikiwa haina hata kamishna mmoja. Si wengi waliopiga kelele. Mipaka haina mkutano wa hadhara wala fulana za bure, so tunaiona ni kazi ya watu wa ofisini.

Lakini kura yako huanza kupimwa hapo, kabla hujapanga foleni. Siku watakapokuja kusikiliza maoni ya wananchi, mimi nitaenda. Nina swali kuhusu barabara yetu.