Fizi: Utupa, kichaka kilichotoka mtoni kikaingia shambani

Huku kwetu Fizi na Baraka mmoja wa majirani wa mashamba ya mihogo ni kichaka kinachopita kimo cha mtu, chenye maua meupe au ya zambarau na maganda yenye manyoya. Ni ndugu wa maharagi, lakini usikitie chunguni. Kwa Kiswahili ni utupa.

Wazungu walikiandika kitabuni mwaka 1849, wakakipa jina la Theodor Vogel, Mjerumani aliyekufa mwaka 1841 kisiwani Fernando Po baada ya safari ya mto Niger. Watu wa mito ya Afrika hawakumsubiri. Kiangazi, maji yakipungua, walitwanga majani na kuyatia mahali maji yametulia. Baada ya muda mfupi samaki walianza kuelea, watu wakaingia na vikapu. Sumu hiyo, inayoitwa rotenoni, huzuia mwili wa samaki kutumia hewa. Waliowapika na kuwala hawakudhurika, na jua huimaliza nguvu yake kwa siku chache.

Ubaya wake ni kwamba haichagui. Wavu una matundu, samaki mtoto anapita. Sumu haina tundu. Ndiyo maana dekreti ya Wabelgiji ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi iliikataza. Mwaka 2003 Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zikatia sahihi mkataba wa ziwa Tanganyika, zikaahidi kuzuia uvuvi unaoharibu.

Karatasi ni nzuri, lakini wavu unanunuliwa na utupa unachumwa bure. Tangu 1996, vita vilipovusha maelfu ya watu wa Fizi hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wengi wamerudi mikono mitupu. Mimi siwezi kumhukumu mama mwenye njaa kama ninavyomhukumu mwenye mtumbwi na mota.

Siku hizi wakulima wanautumia utupa kwa kazi nyingine. Mizizi yake inarutubisha udongo, majani makavu yanalinda maharagi ghalani, na maji ya majani yaliyolowekwa yanapigwa juu ya wadudu shambani. Hapo sina ubishi. Ila jioni, kazi ikiisha, ndoo na pompi huoshwa wapi? Mara nyingi ni kwenye kijito kilekile, na maji yake yanateremka moja kwa moja hadi ziwani, mahali ambapo samaki wadogo wanakulia.