Waliotoka Kigari na Biblia Mikononi

Historia ya Ukristo wa Embu husimuliwa mara nyingi kwa mtindo mmoja. Mwaka 1910 daktari Mkanada, T. W. W. Crawford, alifungua kituo cha Church Missionary Society (CMS) pale Kigari, si mbali na Kianjokoma. Akatibu wagonjwa, wakapona, wakaamini. Kisha hufuata orodha ya makasisi, shule na chuo cha walimu. Miaka ya mwanzo ya 1930 hupewa sentensi moja tu: kwamba waumini wengi walirudi nyuma. Sentensi hiyo ndiyo ninayoipinga, kwa sababu imetufichia watu walioipeleka Injili mbali zaidi kuliko kituo chenyewe.

Chanzo kimoja cha simulizi hii ni kitabu ambacho siku hizi wachache hukisoma: *By the Equator's Snowy Peak* cha May Crawford, mke wa daktari huyo, kilichochapishwa London mwaka 1913 na CMS yenyewe. Kichwa chake kidogo kinakitaja kuwa kumbukumbu ya kazi ya utabibu na safari. Lilikuwa chapisho la shirika, likiwaeleza waliolichangia huko Uingereza matunda ya sadaka zao, na ni kawaida dawa itangulie. Dawa ilifungua malango kweli. Mwaka 1906, miaka minne tu kabla ya kituo hicho, msafara wa kijeshi wa Waingereza ulikuwa umewapiga Waembu na kuwanyang'anya mifugo. Mtu mweupe aliyekuja na bendeji badala ya bunduki alistahili kutazamwa mara ya pili.

Lakini bendeji haisemi Yesu ni nani. Hilo lilihitaji mtu wa kuketi na mgonjwa na kujibu maswali yake, na kazi hiyo ikawaangukia wasomaji, athomi, vijana Waafrika waliojifunza kusoma kisha wakarudi kwenye maboma ya baba zao. Kitabu walichokishika kilikuwa cha Kigikuyu; Agano Jipya kamili katika lugha hiyo lilitoka mwaka 1926. Mwembu alilielewa, ila sauti yake ilikuwa ya jirani, si ya nyumbani. Msomaji alipolieleza kwa Kiembu, mbele ya mzee aliyeomba tangu utotoni akiuelekea Mlima Kenya, hakuwa akipanda mbegu kwenye ardhi tupu. Mzee huyo alimjua Ngai, Mungu, alijua vichaka vitakatifu kama kile cha Mwenendega, na alijua sadaka hutolewa na nani na kwa nini. Yeyote anayetaka kuusikia upande wake na aanze na H. S. K. Mwaniki, mwanahistoria wa Embu aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuyatoa katika *Embu Historical Texts* mwaka 1974. Naona ajabu kwamba wanaoandika historia za parokia zetu hawamgusi.

Tuje sasa kwenye mgogoro wa tohara ya wanawake, ulio nyuma ya sentensi ile. Mwaka 1929 Kanisa la Scotland, likiongozwa na Dakta John Arthur huko Kikuyu, liliwataka waumini wake waahidi kuachana na desturi hiyo. Walioweka dole gumba kwenye ahadi hiyo wakaitwa kirore, waliokataa wakaitwa karing'a. Chogoria, upande wa Meru, Dakta Clive Irvine alishika msimamo huohuo na akapoteza sehemu kubwa ya waumini. Ndani ya CMS, Askofu Heywood wa Mombasa hakutaka amri moja kwa wote, na kila eneo likaachiwa liamue. Kigari ikaelekea upande wa ukali, na wengi wakatoka.

Kuhusu jeraha lenyewe, wamisionari walikuwa sahihi, nami sina subira na anayeitetea desturi ile kwa jina la utamaduni. Iliwaumiza wasichana, iliwaua wengine wakati wa kujifungua, na Kenya iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2011. Ila kuwa sahihi juu ya jambo hakumaanishi kujua namna ya kulisema. Tayari katikati ya miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji, la Embu likiwemo, yalikuwa yameanza kupunguza ukali wa ukataji. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo, na waliokuwa wakiusukuma walikuwa wazee wenyewe. Badala ya kuketi nao, kanisa lilileta karatasi ya kutiwa sahihi. Katika wilaya iliyoona ardhi ya jirani zao Wagikuyu ikichukuliwa kwa karatasi, nani angeweka dole bila hofu? Tena sharti hilo liligusa mwalimu na kazi yake, na mtoto na nafasi yake shuleni. Mama ambaye hajawahi kuingia kanisani alisikia jambo moja tu kuhusu Ukristo: kwamba unamtaka mwanawe amkane.

Wapo wanaosema waliotoka waliurudia upagani. Dai hilo haliwezi kusimama. Waliotoka walijenga shule kwa michango yao, wakaunda vyama vya shule huru, na wakatafuta makasisi. Mwaka 1935 walimleta kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church, akawafunza vijana na kuwapa daraja mwaka 1937. Wapagani hawagharimii safari ya askofu. Wengine, wa upande wa pili, hudai shule hizo zilikuwa siasa iliyovaa kanzu. Siasa ilikuwemo, bila shaka, ila mtu hawezi kusali Jumapili baada ya Jumapili, kubatiza, kuoa na kuzika kwa Biblia, kwa ajili ya siasa peke yake. F. B. Welbourn, katika *East African Rebels* ya mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa Wazungu wachache waliolitambua hili mapema, na bado anastahili kusomwa.

Naamini makanisa yaliyokua pamoja na shule hizo, na hasa African Independent Pentecostal Church of Africa (AIPCA), yaliwafikia watu ambao Kigari haikuweza kuwafikia. Mwenye wake wawili alipata pa kuketi. Mzee aliyeogopa kumpoteza mwanawe aliona shule ambayo kamati yake ilikuwa ya majirani zake. Injili ilimjia kutoka kwa mtu aliyejua jina la ukoo wake. Walikuwa na upungufu wao, na mzito kuliko wote ni huu: msichana hakuulizwa anataka nini, huku wala kule. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, serikali ilizifunga shule huru, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za makanisa hayo ikapotea.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika Kenya mwaka 1937, ulitoa mashahidi waliokataa viapo vya Mau Mau na wengine wakauawa. Hao wameandikwa vya kutosha, tofauti na watu wa shule huru.

Aliyenifanya niuelewe mgogoro wa Kigari, kwa jinsi alivyowaendea watu walipo, ni mtu wa baadaye, David Gitari wa Kirinyaga, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Mount Kenya East mwaka 1975. Dayosisi yake ilianzia mashamba ya chai na kahawa ya Embu ikafika hadi Marsabit, kwa wafugaji wanaohama na ngamia wao. Huko hakungoja watu waje kanisani. Kazi ya afya, elimu na kilimo ilikwenda bega kwa bega na mahubiri, na mwinjilisti alitakiwa aishi na watu anaowahubiria. Alipohubiri kutoka kitabu cha Danieli mwaka 1987, akipinga upigaji kura wa mlolongo, yaani wa kupanga foleni hadharani badala ya kura ya siri, wanasiasa walimjibu magazetini, na watu wasiokanyaga kanisani wakaijadili Biblia sokoni. Liturujia ya Kenya ya mwaka 1989, iliyotungwa wakati kanisa likiwa na viongozi kama yeye, ilimalizika kwa baraka yenye asili katika sala ya Waturkana, waumini wakipunga mikono kuelekea msalaba. Ishara ambayo wamisionari wa mwaka 1910 wangeiita ya giza iliingia katikati ya ibada ya Kianglikana.

Dayosisi ya Embu ilizaliwa mwaka 1990 kutokana na eneo hilo la Gitari. Inayo haki ya kujivunia Kigari na daktari wake. Historia yake itakapoandikwa tena, waandishi waende pia kwa wazee wa AIPCA, wawaulize wazazi wao walijenga shule wapi, nani alifundisha, na nani alibatizwa humo kabla ya milango kufungwa mwaka 1952.