Nyumba Ikipasuka, Anzia Chini: Somo la Mzamiaji wa Winchester

Kila mvua zikiisha napata swali lilelile: "Afisa, ukuta umepasuka tena. Nipige plasta?" Kabla hujanunua saruji, sikiliza kisa hiki.

Katika mji wa Winchester, Uingereza, kuna kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1079. Liko bondeni, karibu na mto. Chini yake kuna udongo laini wa mimea iliyooza, na chini zaidi ndipo ilipo changarawe ngumu. Mwanzoni mwa karne ya 13 waliongeza sehemu ya mashariki. Maji yalikuwa karibu, hivyo mafundi hawakufika kwenye changarawe. Walilaza magogo juu ya ule udongo laini, wakajenga.

Jengo lilisimama, lakini likididimia polepole kwa miaka 700. Ilipofika 1905 kuta zilikuwa zimeinama na kupasuka vibaya.

Mafundi walichimba chini ya kuta ili wajenge msingi mpya, maji yakajaa mashimo. Kwa nini wasiyavute tu kwa pampu? Mhandisi Francis Fox aliona hatari: maji yangetoka na udongo unaobeba kuta, na jengo lingeanguka. Akaleta mzamiaji, William Walker.

Kuanzia 1906 hadi 1911 Walker alizama kama saa sita kwa siku, kwenye maji ya kina cha hadi mita 6. Kulikuwa giza tupu, akifanya kazi kwa kupapasa. Alitandika mifuko ya zege juu ya changarawe hadi maji yakazibwa. Hapo ndipo maji yalipovutwa, na waashi wakapandisha matofali mpaka kwenye ukuta wa zamani. Yalichimbwa mashimo 235, yakaingia matofali kama 900,000. Kanisa lipo hadi leo.

Sasa turudi kwako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa unaotoka kwenye msingi hauzibwi kwa plasta. Fanya hivi:

1. Weka alama ya kalamu kwenye ncha za ufa, andika na tarehe. Ukiongezeka, msingi bado unatembea.

2. Tafuta maji. Je, ya paa yanadondokea kwenye msingi? Chimba mfereji uyapeleke mbali. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hili ndilo la kwanza.

3. Usichimbe msingi wote kwa mkupuo. Fundi achimbe kipande kifupi, kama mita moja, hadi udongo mgumu, ajaze zege, asubiri likomae, kisha aruke kwenye kipande kisichopakana nacho. Vipande ambavyo havijaguswa ndivyo vinavyobeba ukuta wakati huo.

4. Fanya kazi hii kiangazi. Egemeza ukuta kwa miti imara, na watu wasilale humo.

5. Ukuta ukiwa umeinama, usiguse kitu. Hamisha familia na magunia, kisha mwite mhandisi wa halmashauri.

Nimeona nyumba iliyopigwa plasta mara tatu, na mara tatu ufa ukarudi palepale. Saruji ile yote ingetosha kujaza vipande kadhaa vya msingi. Leo jioni zunguka nyumba yako, uangalie chini.