Vichochezi Nusu vya Beta katika Tiba ya Moyo: Historia Fupi na Funzo Lake kwa Sera ya Utafiti Afrika Mashariki

Ikisiri
Makala hii inafuatilia historia ya dawa za moyo ambazo huvichochea vipokezi vya beta kwa kiasi na papo hapo kuvikinga dhidi ya uchochezi mkubwa zaidi. Inatoa hoja kwamba nafuu anayoihisi mgonjwa na urefu wa maisha yake ni vipimo viwili tofauti, na kwamba sera ya dawa haina budi kuvidai vyote viwili. Hoja hiyo inahusishwa na wajibu wa Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Kigobe, Bujumbura.

1.0 Utangulizi
Kushindwa kwa moyo ni hali ambayo moyo hauwezi kusukuma damu ya kutosheleza mahitaji ya mwili. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, uliwahusisha wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la damu, wala si kuziba kwa mishipa ya moyo. Karibu wagonjwa 18 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 180. Burundi haikuwa miongoni mwa nchi hizo. Uchaguzi wa dawa, kwa hiyo, unawagusa watu ambao bado wanalea watoto na kuzalisha mali.

2.0 Chimbuko la dhana
Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani alipendekeza kwamba adrenalini hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Vya beta ndivyo huuongezea moyo kasi na nguvu. Mwaka 1958 watafiti wa kampuni ya Eli Lilly walieleza dawa ya kwanza ya kuvizuia, dikloroisoprenalini. Dawa hiyo ilikuwa na sura mbili: ilizuia adrenalini, lakini yenyewe nayo iliuamsha moyo. Nadharia ya kuieleza ilikwishapatikana. E. J. Ariëns wa Uholanzi (1954) na R. P. Stephenson wa Edinburgh (1956) walikuwa wameonyesha kwamba kushika kipokezi ni jambo moja, na uwezo wa kukichochea ni jambo jingine. Kichochezi nusu ni mfano wa ufunguo unaoingia kwenye kitasa na kuzunguka kidogo tu. Maadamu umo ndani, ufunguo kamili haupati nafasi.

James Black wa kampuni ya ICI, Uingereza, alitafuta kizuizi kisicho na uchochezi huo. Propranololi ilitangazwa mwaka 1964, na Black akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Wengine waliuona uchochezi mdogo kuwa fadhila, kwani ungeukinga moyo usipunguze mapigo kupita kiasi. Ndipo zikaja pindololi ya Sandoz na praktololi ya ICI. Praktololi iliondolewa katika matumizi ya kawaida katikati ya miaka ya 1970 baada ya kudhuru macho, ngozi na utando wa tumbo. Hata hivyo, mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliripoti kwamba wagonjwa 7 wa misuli ya moyo walipata nafuu walipopewa praktololi au alprenololi, zote zikiwa vichochezi nusu. Wakati huo vizuizi vya beta vilihesabiwa kuwa mwiko kwa moyo ulioshindwa.

3.0 Zamoteroli: ahadi na anguko
Zamoteroli, nayo ya ICI, ilibuniwa kwa makusudi kutokana na dhana hiyo. Mgonjwa akipumzika, ingeuongezea moyo nguvu. Adrenalini ikipanda, ingeukinga. Mwaka 1988 matokeo ya jaribio la Ujerumani na Austria, lililokuwa na wagonjwa 433 wa hali nyepesi hadi ya wastani, yalionyesha kwamba waliopewa zamoteroli walimudu mazoezi vizuri zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Mwaka 1990 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 516 wa hali mbaya, waliofuatiliwa kwa wiki 13. Waliofariki kwa zamoteroli walikuwa takribani 9 katika kila 100. Kwa vidonge visivyo na dawa, hawakufika 4. Nadharia iliahidi kwamba dawa ingewakinga hasa wagonjwa hao, ambao miili yao hufurika adrenalini. Takwimu zilikataa. Kama watafiti wangetosheka na kipimo cha mazoezi kwa wagonjwa wa hali nyepesi, madhara hayo yangeendelea kufichika.

4.0 Baada ya 1990
Ushindi ulikwenda kwa dawa zisizo na uchochezi. Katika jaribio la CIBIS-II (1999), lenye wagonjwa 2,647, bisoprololi ilipunguza vifo kutoka asilimia 17.3 hadi 11.8. Bisoprololi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zamoteroli na pindololi hazimo. Lakini jaribio la BEST (2001), lililopima bukindololi kwa wagonjwa 2,708, halikuonyesha upungufu wa vifo ulio dhahiri kitakwimu, na wagonjwa Weusi wa Marekani hawakuonekana kunufaika. Kama bukindololi ina uchochezi nusu au la, wataalamu wamebishana. Lililo wazi ni kwamba matokeo ya kundi moja la watu hayahamishiki kwa jingine bila kupimwa.

5.0 Hitimisho
Majaribio makubwa yaliyotajwa katika sehemu ya 3 na ya 4 yalifanyika nje ya Afrika Mashariki. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na leo chombo cha Jumuiya cha kuratibu utafiti wa afya kiko Kigobe. Mambo mawili yanapendekezwa kwake. Kwanza, majaribio ya dawa za moyo yanayoratibiwa katika kanda yahesabu vifo, pamoja na nafuu, na yawajumuishe wagonjwa wa hali mbaya ambao moyo wao umedhoofishwa na shinikizo la damu. Pili, istilahi kama kichochezi nusu zisanifiwe kwa Kiswahili, kwa kuwa mgonjwa anayeombwa ridhaa ana haki ya kuelewa kwamba dawa inayompa nafuu leo inaweza pia kufupisha maisha yake.